Mwili wa Kuazima

Mtu wa kwanza kumkana alikuwa binti yake mwenyewe, na alimkana kwa adabu zote. Baba alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la safari, mkewe nyuma yake akihangaika na sanduku, na mtoto akaamkia kama alivyofundishwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, mgeni atalala wapi?"

Mama alicheka kile kicheko cha kufunika aibu. "Mgeni gani tena? Si baba huyu! Baba unayeongea naye kwenye simu." Mtoto alimpima yule mtu kuanzia viatu hadi nywele, kisha akageuka kutazama ukutani, juu ya kochi, mahali ambapo baba yake alikuwa ametundikwa tangu mwaka jana. Baba wa ukutani alikuwa na kifua kipana na suti ya kijivu iliyomkaa barabara, mkewe amesimama ubavuni pake, naye mtoto mwenyewe amepakatwa kwenye mkono mkubwa, amemwinulia uso na anacheka hadi macho yamefumba. Baba wa mlangoni alikuwa mwembamba, koti limemning'inia. Mtoto hakubishana, akaenda kukaa na mwanasesere wake chini ya meza.

Majirani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake ulikuwa hauna likizo. Aliongea akila, aliongea akioga, na usingizi ulimkuta katikati ya sentensi. Jioni hiyo Chiriku akawa bubu. Baba yake alimletea viatu vinavyowaka taa kwenye kisigino, akavipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akavirudisha kwenye boksi lake.

Wakati wa kunawa ndipo mke alipouona mkono. Mumewe alikuwa ameuficha mfukoni njia nzima, joto lote lile, na koti hakulivua. Sasa maji yalikuwa yanamwagika na hakuwa na njia. Mkono wa kulia ulikuwa na kidole gumba, cha shahada na cha kati. Vile viwili vya mwisho havikuwepo, na palipokuwa pao palikuwa na kovu lililokunjamana.

"Umefanya nini?"

"Ajali ndogo tu, kazini."

"Lini?"

"Juzijuzi. Imeshapona, usijali."

Kovu lilikuwa jeupe na kavu, na kidonda cha juzijuzi hakiwi hivyo. Mke hakuwa kipofu. Lakini chakula kilikuwa mezani na mtoto alikuwa anatazama, kwa hiyo akamwagia maji hadi mwisho, akampa taulo.

Siku zilizofuata wakaja wa kuja kusalimia, na kila aliyeingia alifanya jambo lilelile: alimtazama mwenye nyumba, akatupa jicho juu ya kochi, akamtazama tena mwenye nyumba. Wengine walijua kujificha. Dada yake hakujua, wala hakuwahi kujua tangu utotoni.

"Kaka! Huko walikuwa wanakulisha au walikuwa wanakula wewe?"

"Kazi, dada. Kazi haina unene."

"Sasa haya manyama yote ya ukutani ni ya nani?" Akamgeukia wifi yake aliyekuwa anaingiza chai. "Wifi, wewe ulituonyesha picha hii tukashukuru Mungu, tukasema kaka ametulia. Kumbe! Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako."

Mke aliweka sinia chini taratibu, maana angeliweka kwa jinsi alivyojisikia lingevunjika. Ni mume aliyejibu, na alijibu akitabasamu.

"Mwacheni mwenzenu. Mimi ndiye niliyetuma uso, nilijua unakwenda kuunganishwa. Mwili umechorwa na kompyuta. Siku hizi kompyuta inachora chochote."

Akageuka kuitazama picha, na kwa mara ya kwanza tangu arudi uso wake ulilegea. Hakuwa akitazama suti. Alikuwa anamtazama binti yake aliyeinua uso kumcheka. Picha hiyo alikuwa nayo kwenye simu, na huko bwenini, wanaume wanane chumba kimoja, alikuwa anaifungua kila akiamka kabla hajatafuta viatu. Mwili ulikuwa wa uongo, hilo alilijua. Kicheko kilikuwa chake, na mtu anaweza kuishi kwa kicheko muda mrefu kuliko anavyodhani.

Jumamosi aliomba aende na mtoto dukani kununua sabuni. Mke alisita.

"Piteni njia ya nyuma, ina kivuli."

"Njia ya nyuma si mpaka tuzunguke kisima? Tutapita hapa barabarani."

"Basi nitumeni mimi."

"Mama Chiriku, nimekuwa mgonjwa hata nisiende dukani?"

Mke akawafungulia mlango, akabaki amesimama hapo na kitambaa cha vyombo mkononi, akiwaangalia. Mtoto alitembea mbele, hatua kadhaa. Baba alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, lakini Chiriku alikuwa ameshika pindo la nguo yake mwenyewe kwa mikono yote miwili.

Barabarani kulikuwa na fundi cherehani ambaye aliweka meza yake barazani ili apate upepo na habari za watu. Alikuwa mtu wa kicheko, mpana wa mabega, futi ya kupimia shingoni kutwa kucha. Wanawake watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja nguo walizoahidiwa tangu wiki iliyopita. Chiriku alipomwona, miguu yake ikapata akili.

"Baba!"

Alimrukia fundi mguuni, akaukumbatia, na ulimi wote uliokuwa umefungwa siku zote zile ukafunguka. Viatu vyenye taa, jino linalotikisika, mwanasesere aliyevunjika shingo. Fundi alimnyanyua kama alivyozoea, kisha akainua macho akaona nani amesimama kando ya barabara. Alimtambua papo hapo. Ni sura aliyoiona juu ya mabega yake mwenyewe.

"Ooh, shemeji! Karibu nyumbani, karibu sana! Tunasikia umefika." Akanyoosha mkono wa kulia.

Watu wazima hawasalimiani kwa mkono wa kushoto. Mume akautoa ule wa mfukoni, na fundi akaupokea, na kiganja chake kikubwa kikafumba mahali pasipokuwa na kitu. Fundi hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulionyesha alivyoumia kwa niaba ya mwenziwe, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

"Baba," Chiriku akamwambia fundi, akimwonyesha kwa kidole, "huyu ni mgeni wetu. Anakaa kwetu."

Sabuni haikununuliwa.

"Ni nani yule?" mume alimuuliza mkewe mara walipofika nyumbani.

"Fundi. Si unaona ni fundi."

"Naona ni fundi. Nauliza ni nani. Mwanangu anamwita baba mbele ya watu, na watu hawashangai. Wamezoea!"

Mke alifunga mlango wa sebuleni. Mtoto alikuwa uani, na kimya chake kilisikika humo ndani. Alitaka kuanza kwa kujitetea, akaona aanze kwa kusema kweli, maana alikuwa amechoka.

"Ni picha," alisema. "Nilipokwenda kuipiga, mpiga picha alikataa kukubandika hivihivi. Ana masharti yake yule. Anasema lazima asimame mtu mahali pako, mwanga umpige, kivuli kianguke, ndipo baadaye abadilishe kichwa. Akamwita fundi. Basi."

"Kwa hiyo mtu alikuwepo."

"Alikuwepo."

"Amemshika mwanangu. Amesimama na mke wangu, bega kwa bega."

"Kwa dakika za picha, mume wangu! Mpiga picha yupo, watu wanaingia wanatoka!"

"Na kwa nini yeye? Mji mzima hauna mwanamume mwembamba?"

Hapo mke akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Nilimwambia mpiga picha anitafutie mtu mwenye mwili. Dada zako walikuwa wanasema huko unaumwa, au umeoa, ndiyo maana hurudi. Nilitaka waone unakula. Hata mimi nilitaka kuona unakula."

"Na mtoto kumwita baba?"

"Alilia. Alimwogopa fundi, akang'ang'ania nguo yangu, mpiga picha anasema muda unakwenda. Nikamwambia, huyu ni baba, mwendee. Nilisema mara moja tu. Kesho yake nikamwambia hapana, yule ni fundi, hakusikia. Nikabadilisha njia ili asimwone, lakini mtoto ana macho." Akajifuta uso na kitambaa cha vyombo. "Nilijua nitakuja kulipa. Sikujua utalipa wewe."

Mume hakumfariji. Alipanda kwenye kochi na viatu vyake, akaichomoa picha ukutani. Nyuma yake ukuta ulikuwa na rangi mbichi, mraba mzima ambao jua halijaufikia.

"Mwite mtoto. Twende kwa huyo mtu wa vivuli."

"Kufanya nini?"

"Anitoe humo."

Mpiga picha huyo watu walimwita Kivuli, na jina alijitafutia mwenyewe kwa kulisema neno hilo kuliko salamu. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la kijani, taa mbili zenye miavuli na kompyuta iliyopigwa feni ili isizimie. Ukutani alitundika kazi zake: bibi harusi anapanda ngazi za mawingu, mzee wa heshima amekaa na simba kama wanaopanga mahari, mtoto mchanga amelala ndani ya chupa. Vijana walikuja kupigwa wakiwa wanaruka kutoka kwenye kiti, na baadaye wakajiona wanaruka juu ya maghorofa. Zote zilikuwa na vivuli vinavyolingana, na hilo ndilo alilojivunia.

"Karibuni, karibuni! Ooh, mwenye uso kaja mwenyewe!" alisema. "Shemeji, kazi yako ilinitesa ile. Mimi sibandiki watu kama stempu, ninaunganisha. Binadamu utamdanganya, lakini kivuli kikikaa vibaya, hata mtoto anajua kuna kitu."

Mume aliilaza picha juu ya meza. "Nitoe."

"Nikutoe wapi?"

"Humu. Unifute. Wabaki mke wangu na mtoto."

Kivuli alimtazama mke, mke akatazama pazia. Mpiga picha hakuelewa kilichotokea, lakini alielewa kwamba huu si wakati wa kuuliza. "Tatizo, shemeji, mtoto amepakatwa. Nikimfuta aliyempakata, mtoto ataelea. Ngoja nikuonyeshe." Akaketi, akaitafuta picha kwenye kompyuta, akaifungua. "Picha inakaa matabaka, unaona, kama mtu aliyevaa nguo juu ya nguo. Tabaka la juu ndio uso wako. Nikilizima..."

Akabofya. Uso ukaondoka, na chini yake alikuwepo fundi cherehani, mzimamzima, mashavu amejaza upepo, macho ameyapindisha, ulimi nje. Alikuwa anamwigizia mtoto paka. Na Chiriku, ambaye hakubadilika hata unywele, alikuwa anamcheka.

Feni iliendelea kuipepea kompyuta. Mume alivuta kile kiti cha kurukia, akakaa.

"Mwili nilijua si wangu," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ndogo. "Sikuwahi kuutaka mwili. Nilidhani hapo palikuwa patupu. Nilidhani mlimwambia baba atakaa hapa, naye akapatazama akacheka. Mwaka mzima, kila nikiamka, nilikuwa najua kuna mtu ananicheka hivyo nyumbani."

Mke alisogea akasimama mbele yake. Swali alilolimeza tangu siku ya kunawa lilitoka lenyewe.

"Mkono ulikatika lini?"

"Nimekwambia."

"Hujaniambia. Umesema juzijuzi. Lini?"

Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama kitu cha jirani. "Kabla ya picha hii. Siku uliyonitumia nilikuwa nimelala bwenini na bandeji mpaka hapa. Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono wa kushoto, ninaandika polepole. Niliandika yote. Mke wangu, mashine imenikata, vidole viwili, wanasema watanihamishia kwenye kufagia, nifanyeje, nirudi? Nilikuwa bado kutuma. Picha ikaingia."

"Na mimi nikaandika, umeonaje."

"Ukaandika, umeonaje. Nikaona umeniweka ukutani mzima. Nikafuta yangu, nikaandika nzuri sana."

Mke aliikumbuka siku hiyo. Alikumbuka alivyofurahi kwa yale maneno mawili, alivyowasomea majirani, na alivyouliza mbona siku hizi anapiga simu ya sauti tu, akaambiwa kamera ya simu imeharibika. Aliamini. Angekuwa na sababu gani ya kutoamini?

"Ungeniambia ningekuja."

"Kwa nauli gani?"

"Ningekuja tu."

"Ungekuja na nini, mama Chiriku?"

"Usiniulize na nini! Ningekuja!" Akalia sasa, bila kujificha, mbele ya mpiga picha na bibi harusi wa mawinguni, na mumewe akamwangalia akilia kama mtu aliyengoja barua mwaka mzima na ndiyo kwanza anaisoma.

Kivuli alikuwa mtu mwema, na wema wake aliujua kwa njia moja tu, ile ya kazi yake. Alijikohoza.

"Mimi nasema hivi. Tupige nyingine, leo, hapahapa, bila malipo. Familia yenyewe. Na vidole visikupe shida hata kidogo, shemeji. Vya fundi ninavyo humu, mkono uleule wa kulia, nitakuwekea vikae kama umezaliwa navyo."

Tungependa kusema mume alikasirika akakataa. Hakukasirika. Alifikiri.

"Vitaonekana vya kweli?"

"Mama yako mzazi hatajua."

Akamtazama mkewe, na mkewe akapenga kamasi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Piga kwanza," mke alisema. "Mambo ya vidole tutazungumza nyumbani."

Wakasimama mbele ya pazia la kijani. Chiriku, ambaye muda wote alikuwa akimchungulia yule mtoto wa ndani ya chupa, aliitwa, akapandishwa juu ya stuli katikati yao. Mume kwa mazoea alitia mkono mfukoni. Mke akaufuata huko huko, akautoa, akaushika. Ilikuwa mara ya kwanza kuugusa. Alihisi unashtuka, akalegeza kidogo, lakini hakuuachia. Ulikuwa karibu kabisa na uso wa mtoto, na mtoto akauona vizuri.

"Viko wapi vingine?" aliuliza.

Mama alifungua mdomo kumkemea, kisha akaufunga. Baba akainama kidogo.

"Vilikatwa na mashine."

"Ina meno?"

"Ina meno."

"Ulilia?"

Mwanamume akatazama taa zenye miavuli, akamtazama mpiga picha aliyejifanya anafuta lenzi. "Nililia," alisema. "Nililia sana."

Chiriku alilitafakari hilo. Baba wa ukutani hakuwahi kulia, alikuwa mtu wa suti. Mama yake hakumwambia amshike huyu wala amwendee, na yeye hakumshika. Aliinua uso tu, akamkazia macho, makubwa, mazito, bila haya, kama anavyofanya mtoto anapokutana na kitu ambacho bado hajakipa jina.

"Vizuri, tulieni hapo hapo," alisema Kivuli nyuma ya kamera. "Chiriku, cheka! Chiriku! Tazama ndege! Nyau, nyau!" Mtoto hakugeuka. Kivuli akainua kichwa. "Hacheki huyu. Si neno, shemeji, kicheko chake cha mwaka jana ninacho, nitakihamishia hapa, kitakaa bila mtu kujua."

"Kiache."

"Itapendeza, shemeji, haichukui hata—"

"Kiache, bwana. Piga hivyohivyo." Hakuinua macho kutoka kwa binti yake wala hakuthubutu kutikisika. "Ananitazama mimi."